Nchi Iliyofuta Koma

Nchi hii ipo, ila sitaitaja. Si kwa woga. Jina lake lina ng' katikati, na mtambo wa Serikali ukiandikiwa jina hilo hutoa maandishi mekundu na kulia ti-ti-ti, kama kifaranga aliyekanyagwa. Kwa hiyo wakubwa wakaona heri tuiite Nchi Yetu, nasi tukaitikia, maana ni yetu kweli, ukiacha sehemu ambazo si zetu.

Mtambo wenyewe waliuita Mfumo Mmoja wa Taifa. Siku ulipozinduliwa tulipewa soda na kofia, na Waziri wa Uhakiki, Mheshimiwa Dokta Mkumbukwa, akakata utepe akasema, "Kuanzia leo, kisichohakikiwa hakipo!" Tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mbuzi wangu hawakuwa wamehakikiwa, lakini jioni walikula pumba kama jana. Nikajua tangazo bado halijafika zizini.

Sasa nieleze kuhusu koma, maana bila hiyo utaona nasimulia mambo ya wazimu.

Koma ya juu ni kile kidoa kinachokaa begani mwa ng'. Waliosoma sana wanakiita ritifaa. Mwalimu wetu wa darasa la nne alituambia kwamba bila koma ya juu, ng'ombe hafiki zizini, na aliyesahau kuiweka alichapwa fimbo kwa niaba ya huyo ng'ombe. Lakini koma, kwa wazee wetu, ni jambo jingine pia. Ni roho ya mtu aliyekufa, inayorudi kuwatazama watu wake. Ndiyo maana kwetu, mtoto akipiga kelele msibani, hatumwambii "koma!" kama mahali pengine. Tunamwambia "acha". Ukisema koma mbele ya maiti umeziita, na aliyeita ndiye mwenyeji. Atatafuta mwenyewe pa kuzikalisha.

Mtambo ulinunuliwa ng'ambo, kwa watu wasio na ng' vinywani mwao. Siwalaumu, kila watu na ulimi wao. Ila ikawa kwamba mtambo umetoka ng'ambo na neno ng'ambo haulijui. Ukiuandikia ulikotoka, unakasirika.

*

Kaka yangu, Yeremia Sang'udi, alifariki asubuhi ya kawaida kabisa, ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Mkewe, wifi yangu Merania, alidhani amesinzia. Akamwambia, "Baba Nyamizi, hayo mawe unayarudisha humo humo?" Hakujibu. Alikuwa amebana kijiwe kidogo cheusi kati ya kidole gumba na cha shahada, na hatukuweza kukitoa. Tukakiacha. Nikasema moyoni, angalau huko aendako hataambiwa hakufanya kazi.

Nchi Yetu hairuhusu mtu kuzikwa bila kibali cha maziko, na kibali kinatoka kwenye Mfumo. Basi kaka akapelekwa mochwari kusubiri, nasi tukaenda Wizara ya Uhakiki, Dirisha la Vifo. Tulimkuta kijana mmoja mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, jina lake Teonesti.

"Poleni sana, mama zangu. Jina la mhusika?"

"Yeremia Sang'udi," wifi akasema.

Akaandika. Akabonyeza palipoandikwa Hakiki. Ti-ti-ti.

"Imekataa. Inasema, herufi batili."

"Amekataa nani?"

"Mfumo, mama."

"Mwambie ni mimi mkewe."

Teonesti akaondoa ile koma, akajaribu tena. Ti-ti-ti. Mara hii kioo kikasema hakuna mtu wa jina hilo. Na ni kweli hakuwapo, maana kadi ya kaka iliandikwa zamani kwa mkono, koma yake imekaa pale juu, nyeusi, imeiva.

"Tatizo ni hili," Teonesti akasema kwa upole. "Mwenye koma hakubaliki, na asiye na koma hayupo."

"Na aliyeko mochwari?"

"Huyo bado hatujamfikia."

Akaona aendelee na visanduku vingine, huenda Mfumo ukalainika. Vyenye nyota nyekundu ilikuwa lazima vijazwe. Namba ya simu anayopatikana marehemu kwa sasa. Tukatoa ya kaka, ndiyo aliyokuwa nayo. Kazi ya sasa ya marehemu. Nikasema amepumzika. Teonesti akaandika "Mstaafu", na Mfumo ukafurahi, ukaweka alama ya kijani. Tarehe ya kifo. Tukaitaja. Ti-ti-ti.

"Inasema tarehe isiwe ya nyuma."

"Alikufa juzi, mwanangu. Juzi iko nyuma."

"Ndiyo maana Mfumo unapendelea taarifa za mapema, mama. Mngekuja kabla."

"Kabla ya nini?"

Akatazama kioo, akatutazama sisi, akaona haya. Alikuwa na malezi yule kijana. Halafu akainama karibu na dirisha.

"Kuna njia. Marehemu abadili jina, awe Sangudi, bila koma. Tunamsajili upya asubuhi, mchana tunamfisha, saa kumi mnazika. Wengi wamefanya hivyo. Ila kubadili jina lazima aje mwenyewe, atie kidole gumba."

Nikakumbuka kile kijiwe. Lakini wifi hakungoja habari ya kidole.

"Sangudi mimi simjui," akasema. "Sikuolewa na Sangudi, sikumzalia Sangudi. Kesho nikisimama kaburini nimwite mume wangu, nikaita Sangudi, atakuja nani?"

Teonesti akatafuta kwenye kioo. "Swali hilo halina kisanduku, mama," akasema.

*

Asidhani mtu kwamba wifi alikuwa mkaidi bure. Tuliyaona kwa jirani zetu. Mama yao, Bibi Nyang'oma, alipozidiwa hospitalini, wanawe walikuwa werevu. Walimtia kidole kwenye mashine angali na pumzi, wakamfanya Nyangoma. Akafa, kibali kikatoka siku hiyo hiyo, safi, na mhuri. Wakawasimanga walioachwa kwenye foleni.

Arobaini ilipofika wakamwita kaburini kwa jina la kwenye kibali. Wakaita Nyangoma, Nyangoma. Na kweli alikuja mtu. Lakini hakuwa mama yao. Walirudi nyumbani wakakuta masufuria yanapigwa, na makopo, na beseni la kufulia, du-du-du, mchana kutwa, na hakuna mkono. Mama yao alikuwa mwanamke mkimya, hata kukohoa alienda kukoholea nje. Yule binti mkubwa alisimama mlangoni akasema, "Mama, ni sisi." Ngoma ikasita kidogo, kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. Kisha ikaendelea.

Na mama yao mwenyewe, mwenye koma, yuko wapi? Hakuna anayejua. Baadhi yetu tulimwona kando ya barabara ya Wizara, amesimama na kanga yake ya maua ya zambarau, anatazama watu wanaoingia. Alikuwa kama mtu aliyesahau alitumwa nini.

Kwa hiyo wifi akasema, "Bora akae mochwari na jina lake."

*

Mochwari walipangiwa chumba chao wenyewe, wote wenye ng'. Mhudumu, Bwana Kasiani, alibandika karatasi mlangoni: CHUMBA CHA WANAOSUBIRI. Tulikwenda kila asubuhi kumsalimu kaka, wifi akiwa na simu ya marehemu kifuani, kwenye kanga, kwa sababu ile namba ilikuwa imejazwa kwenye kisanduku na sasa Mfumo ulikuwa ukiitumia. Ujumbe haukukatika: Ndugu mwananchi, taarifa zako hazijakamilika. Fika mwenyewe. Kila ujumbe ukiingia simu inatetemeka, ng'... ng'..., na wifi anaruka kama aliyeguswa.

"Wanavuma," Bwana Kasiani alituambia siku moja, akifunga mlango kwa mgongo wake.

"Nani?"

"Hao wa humu. Wakiwa peke yao. Hawapigi kelele, siwasemi vibaya. Wanavuma tu. Ng'..., hivyo, midomo imefungwa. Mkubwa wangu anasema ni simu zao mifukoni. Basi nikazikusanya zote, nikazizima, nikazitia kwenye ndoo." Akafuta jasho. Chumba kile kilikuwa cha barafu. "Ndoo imenyamaza. Wao hawajanyamaza."

*

Malalamiko yalipozidi, Mheshimiwa Dokta Mkumbukwa alihutubia taifa redioni. Nilisikiliza nikimenya viazi, na hotuba yake naikumbuka kwa sababu niliyatupa maganda kwenye sufuria na viazi kwa mbuzi.

"Ndugu wananchi. Wataalamu wameuchunguza Mfumo. Mfumo ni mzima. Wameichunguza lugha. Lugha ni mgonjwa! Imebeba vidudu vidogo, vinavyoning'inia juu ya maneno bila kazi yoyote, havilimi, havizalishi. Serikali yenu sikivu, baada ya tafakuri nzito, na kwa mamlaka niliyopewa, inafuta koma. Koma zote! Za mijini na za vijijini! Za waliopo na za waliotangulia!"

Nadhani alitaka kusema majina. Lakini wazee tuliokuwa tukisikiliza tulitazamana. Mtu amesimama hadharani na kuzifukuza koma za waliotangulia, bila hata kumwaga maji chini.

Kazi ikaanza. Kamati za Kung'oa Koma ziliundwa kila wilaya, na siku ya kwanza zikavunjwa kwa sababu jina lao lilikuwa na koma. Wauza nyama walipewa visu wakwangue vibao vyao, na tangu hapo tukala nyama ya ngombe, ambayo ni ngumu zaidi. Wakunga waliagizwa kuwahimiza watoto wachanga walie "ngaa" kwa ufasaha, na anayelia "ng'aa" arudiwe. Kunung'unika kukawa hakuandikiki. Mwananchi aliyefika Dirisha la Malalamiko kunung'unika alionyeshwa kwenye kioo kwamba hilo alilokuja kulifanya halipo. Mwisho wa mwaka Waziri akatangaza kwa fahari kwamba nchi nzima hakuna aliyenung'unika hata mmoja.

Na Mtukufu Rais, ambaye alikuwa ametuahidi kwa kiapo kwamba safari hii atang'atuka, alisikitika sana. Alisema alikuwa tayari, mizigo imefungwa, lakini neno lenyewe limefutwa na yeye ni mtu wa kufuata sheria. Kung'ang'ania nako kulifutwa siku ile ile. Hilo aliendelea kulifanya bila jina.

*

Kwetu hakuna msiba bila mtani. Sisi tukilia yeye anacheka, anavaa koti la marehemu, anaiga sauti yake, anadai alazwe yeye, ati jeneza ni zuri mno kwa yule. Ni haki yake, ya ukoo kwa ukoo, na hakuna anayekasirika. Mtani wetu ni Chilongani, mzee mwenye pengo na miguu ya matege. Alichoka kusubiri msiba usiokwisha.

"Nyie, utani wangu unachacha," alituambia. "Mtu hazikwi, sili ubwabwa, sicheki, nimekuwa kama mjane. Hivi huyo kijana wa dirishani alisema nini hasa?"

"Alisema Yeremia aje mwenyewe," wifi akajibu.

Chilongani akavua kofia. "Basi tumpeleke. Serikali ikikuita, unakwenda."

Habari ikazunguka chumba kizima. Bwana Kasiani hakututolea hoja, alifungua mlango akasimama kando, akasema tu, "Tembeeni taratibu, wamezoea baridi." Tukatoka mchana mweupe, kila ukoo na jeneza lake begani, hatuimbi, na kutoka ndani ya mbao ule mvumo ukitembea nasi. Wenye maduka walitoka kutazama. Kando ya barabara ya Wizara, Bibi Nyang'oma alikuwa amesimama na kanga yake ya zambarau. Tulipompita akajipanga nyuma yetu.

Mlinzi wa getini akanyoosha mkono. "Haingii maiti hapa!"

"Maiti yupi?" Chilongani akauliza. Alikuwa amevaa koti la kaka, mikono imempita vidole. "Una cheti chake cha kifo?"

Mlinzi akafikiri. "Sina."

"Basi huyu ni mwananchi. Mpe namba ya foleni."

Mlinzi alikuwa mtu wa utaratibu. Akatoa namba, moja kwa kila jeneza. Halafu akamtazama Bibi Nyang'oma, akasita, akampa na yeye.

Tukaweka majeneza kwenye mabenchi. Zamu ikafika. Teonesti alikuwa amepauka kama unga wa muhogo, lakini akauliza kama alivyofundishwa: "Ndugu Yeremia Sang'udi, unakubali kuondolewa koma?"

Kisha sauti ya kaka yangu, ile ile, yenye kikohozi mbele yake: "Ehe-hem! Mwanangu, nimeondolewa pumzi nikanyamaza. Sasa mnataka na koma? Acheni basi hata hicho kidogo nikavalie kwenda kwa baba!"

Watu wakaangua kicheko, maana alikuwa Chilongani, bila shaka alikuwa Chilongani. Ila nilikuwa ubavuni mwake, na nilimwona amefunga mdomo, anatazama jeneza, na yeye hacheki.

Mvumo ukapanda. Ng'..., kutoka kila benchi, mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Hapo mlango wa juu ukafunguliwa na Mheshimiwa Dokta Mkumbukwa akashuka ngazi kwa hasira, miwani mkononi.

"Kelele gani hizi ofisini kwangu? Koma! Nasema koma! Komeni wote!"

Mvumo ukakatika, kama uzi. Wazee wote tukafunika midomo kwa viganja.

"Ameziita," wifi akaninong'oneza.

"Na kwa wingi wake," nikamjibu.

Ndipo kioo cha Teonesti kikajaa vidoa. Koma za juu tupu, zimening'inia bila herufi chini yake, moja, nyingine, kisha kama rasharasha, zikajaa kioo hiki na kile, kila dirisha, mpaka ukumbi wote ukawa unamulikwa nazo. Nadhani zilikuwa zile zilizokwanguliwa, vibaoni na vitabuni na kwenye makaburi. Sikujua zilikuwa nyingi hivyo. Waziri alirudi nyuma ngazi moja, akageuza shingo, kama mtu aliyewekewa mkono begani. Akageuza na upande wa pili.

Mashine ya Teonesti ikatoa karatasi, ti-ti-ti, moja kwa kila namba. Akazisoma kwa sauti. Ya kwetu ilisema: Hongera, Yeremia Sang'udi. Umefika mwenyewe. Umehakikiwa kuwa hai.

"Lakini imeandika Sang'udi," wifi akasema, akiigusa ile koma kwa ukucha. "Tazama, wifi. Imeiandika."

Teonesti akavua tai yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine. "Mama, nendeni mkazike," akasema. "Kioo changu kimejaa, sioni kitu."

*

Tulimzika alasiri ile ile, bila kibali, mtu aliyehakikiwa kuwa hai, na kijiwe chake kati ya vidole. Chilongani alicheka mpaka machozi, akala ubwabwa sahani baada ya sahani. Jina tulilichoma msalabani kwa msumari wa moto, na koma tukaiacha ya mwisho, wifi akaichoma mwenyewe. Halafu akamwita, Yeremia Sang'udi, na upepo ukapita kwenye mahindi kuja upande wetu. Simu ya marehemu tuliitia jenezani, wifi hakutaka kubaki nayo.

Serikali haikutusumbua, kwa kuwa hakuna mtu aliyekufa. Uchaguzi ulipofika, redio ilisema wananchi wa mochwari walijitokeza kwa wingi kuliko kituo chochote, wakamchagua Mtukufu Rais bila kura hata moja kuharibika. Mheshimiwa Dokta Mkumbukwa bado ni waziri. Analala ofisini. Dereva wake anasema kila Mheshimiwa akifika nyumbani anakuta sebule imejaa watu wamekaa kimya, kila mmoja na namba yake ya foleni, na mama mmoja wa kanga ya zambarau karibu na mlango. Mheshimiwa ameomba ruhusa ya kuacha kazi, lakini neno la kuandika kwenye barua halipo.

Juzi nilikwenda na wifi kupalilia kaburi. Tukakaa pembeni kuchambua maharage, maana kazi haingoji. Mara tukasikia chini, kwenye udongo: ng'... ng'...

"Ujumbe unaingia," nikasema. "Wanamtaka tena akakamilishe taarifa." Betri ile, kwa haki, ingekuwa imekufa siku nyingi.

Wifi akalaza sikio juu ya udongo, akasikiliza kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akimsikiliza akiota.

"Si simu," akasema, akiinuka na kupangusa shavu. "Ni yeye. Nchi nzima amebaki yeye na wenzake tu wanaoweza."

"Wanaoweza nini?"

"Ananung'unika."